Programu Isiyoona Buti

Wiki iliyopita Kadzo, msichana aliyekalia kiti changu pale ofisini Garsen, alinipigia simu akiwa na maswali mawili. La kwanza, kwa nini kwenye folda ya faili za muda kuna picha ya mama mmoja aliyekatika uso nusu, na kwa nini kumbukumbu zinaonyesha kwamba mimi nimekataa kuifuta kila Ijumaa kwa miaka na miaka. La pili, kama anaweza kuliondoa lile swali ambalo programu yetu huwauliza watu kabla ya kufuta chochote.

"Bi Zena, hiyo swali inatuchosha," alisema. "Kila Friday, ile ile. Si tuitoe tu, ijisafishe yenyewe?"

"Galgalo yuko wapi?" nikamuuliza.

"Ako field, Ndera. Lakini mimi nakuuliza mambo ya seva, si ya Galgalo."

Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Alidhani nitamtumia ujumbe wa mistari miwili, maskini.

Basi nimekaa zangu nyumbani Kipini, miezi mitatu tangu nistaafu, ninaandika. Vyeo sitavitaja kwa kuwa havikuwa vingi, na mshahara mnaujua, ndio huo huo mnaoulalamikia nyinyi. Nitawaeleza habari ya uchafu wa kompyuta, maana katika kazi yangu yote hilo ndilo jambo moja nililolifahamu vizuri, na ndilo nililoliharibu vibaya.

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Garsen, msimu wa matope. Ofisi ilikuwa ya kuandikisha familia zilizokumbwa na mafuriko, chumba kimoja kirefu chenye kompyuta mbili, moja ya kufanyia kazi na nyingine ya kuzuia mlango usijifunge. Mlangoni palikuwa na safu ya buti za mpira, kila jozi imeandikwa jina kwa rangi nyeupe. Niliziruka zote kwa hatua moja ya madaha, nikateleza, nikaingia kazini kwa magoti. Mzee Jilo, aliyekuwa mkuu wa kompyuta, alinitazama juu ya miwani yake akasema, "Karibu, binti. Kesho njoo na miguu ya kawaida."

Mzee Jilo alikuwa Mpokomo, mtu wa Tarasaa, na ndiye mwalimu wangu. Wiki nzima ya kwanza hakuniruhusu kugusa kibodi. Alinipa brashi ya rangi na kitambaa, akanifundisha kufungua kompyuta na kutoa vumbi. Ndani ya ile seva, mashine kuu iliyotunza kila kitu cha ofisi, tulimkuta mjusi amelala karibu na feni, amenona. Mzee alimtoa kwa heshima akamweka dirishani. "Huyu anapata stima kila siku," akasema. "Wewe na mimi tunapata zamu."

Baada ya mjusi ndipo nilipofundishwa faili za muda. Kadzo anajua, lakini kuna wengine watakaosoma hapa. Programu yoyote ikifanya kazi huchafua, kama mpishi. Anayepika wali hukosi kumkuta na sufuria ya pembeni, bakuli, mwiko umelala mezani. Programu nayo huandika vijifaili vyake vya pembeni, inavihitaji kwa dakika chache au siku chache, kisha inavisahau hapo hapo. Usipoviondoa, diski hujaa, programu inagoma, na foleni ya watu nje inaanza kukuita majina. Hayo ndiyo yote. Vijana wenye digrii watawaeleza kwa saa tatu, na michoro.

Mzee Jilo alikuwa na njia yake ya kusafisha. Kila Ijumaa saa nne asubuhi alifungua folda ya muda, akaanza kusoma majina ya faili kwa sauti, moja moja, mbele ya chumba kizima. "Hii ya nani?" Halafu anapiga funda moja la chai, anasubiri. Mtu akisema "Yangu, futa," anafuta. Mtu akisema "Yangu, iache," anaiacha. Asipojibu mtu, anageuka kutazama mlangoni, kisha ama anafuta ama anaruka. Ningeapa kwamba alikuwa anatazama kama chai nyingine inakuja.

Faili mia mbili, mafunda mia mbili. Tulivunjika mbavu kwa kumcheka, na tulimwigiza kwenye hoteli ya mchana: mtu akisukuma sahani tupu, mwingine anauliza kwa sauti nzito, "Hii ya nani?" Mimi nilikuwa bingwa wa kumwigiza. Lakini Ijumaa ilikuwa inaniuma kwa sababu nyingine. Gari la mwisho la kunifikisha Kipini mapema lilikuwa likiondoka saa tano, na kila wiki lilinipita nikimsikiliza mzee akisoma majina ya faili kama mwalimu wa darasa anayeita wanafunzi.

Mzee Jilo alipostaafu tulimpa mbuzi, saa ya ukutani na hotuba ndefu. Nilisubiri mwezi mmoja, kwa heshima. Mwezi ulipokwisha nikaandika programu ndogo, mistari kumi na kitu, iliyofanya kazi yake yote: kila Ijumaa saa moja asubuhi, faili yoyote ya muda ambayo haijaguswa kwa siku saba inafutwa. Hakuna kusoma, hakuna chai. Niliijaribu kiangazi chote, ikafanya kazi kama saa. Folda ilikuwa safi, diski ilipumua, na mimi saa tano nilikuwa garini. Makao makuu walipata habari wakaniandikia barua ya pongezi. Niliibandika ukutani juu ya tundu la popo, na kwa kazi hiyo ilifaa.

Nilijipiga kifua sana miezi ile. Nakumbuka nilimwambia Galgalo, "Mzee alipoteza maisha yake kwa jambo la dakika moja." Galgalo ni Muorma, afisa wetu wa kwenda vijijini, mtu wa maneno machache. Akasema tu, "Mzee alikuwa anajua watu," akaenda kuvaa buti zake.

Kisha mvua zikanyesha huko juu, mto ukatoka kitandani kwake, na Galgalo akapelekwa Ndera na tableti yake kuandikisha familia.

Hapa lazima mwelewe fomu zetu zilivyokwenda, la sivyo hamtaona nilipokanyaga. Fomu ilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni jina, watoto, nyumba, mifugo na picha. Hiyo Galgalo aliituma popote alipopata mtandao. Sehemu ya pili ni alama ya kidole, iliyochukuliwa barazani mbele ya chifu na wazee ili mtu asijiandikishe mara tatu kwa kofia tatu. Ile ya kwanza ikifika Garsen ilikaa kwenye folda ya muda ikimsubiri mwenzake. Zikikutana, seva inaziunganisha na mtu anakuwa mtu kamili. Na tableti zile zilikuwa na nafasi ndogo, kwa hiyo seva ikisema "Nimepokea," tableti ilifuta nakala yake. Aliyebuni hivyo alikuwa Nairobi, mahali pakavu.

Kwa kawaida kati ya sehemu ya kwanza na ya pili zilipita siku tatu, nne. Mwaka ule chifu alikuwa upande mmoja wa maji na watu wake upande mwingine. Baraza lilichelewa, kisha mnara wa simu wa huko ukazimika. Galgalo akabaki na vidole vya watu kwenye tableti, hana pa kuvitumia. Siku saba zikapita. Ijumaa saa moja asubuhi programu yangu ikaamka, ikahesabu siku, ikafagia.

Jumatatu Galgalo aliingia ofisini na matope mpaka kiunoni, amekuja kwa boti. Akaunganisha tableti yake, akasubiri. Seva ikaandika kwa utulivu: mwenye alama hii hayupo. Mara ya pili, hayupo. Mara arobaini na moja.

"Bi Zena," akasema, "mimi nimeleta vidole. Watu wako wapi?"

Nilifungua folda ya muda. Ilikuwa safi sana. Orodha ya mahema ilikuwa inafungwa Alhamisi saa sita mchana. Familia arobaini na moja za Ndera zilikuwa zimelala madarasani, shule ilitaka madarasa yake, na mimi nilikuwa nimezifuta ili niwahi gari.

Nilimpigia Mzee Jilo. Sikumsalimu vizuri hata. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mashine inawaka?"

"Inawaka, Mwalimu."

"Chomoa waya. Usizime kwa adabu, chomoa. Halafu mtu asiiguse mpaka nije."

Nikachomoa. Akanieleza simuni, taratibu, kana kwamba ninaanza kazi upya: faili ikifutwa haiondoki siku hiyo. Kinachofutwa ni jina lake kwenye orodha ya diski. Yenyewe inabaki palepale, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ijumaa hatukuwa tumeandika mengi, na mwishoni mwa wiki ofisi ilikuwa imefungwa na jenereta imezimwa, hiyo ilikuwa bahati. Jumatatu tulikuwa tumefanya kazi saa mbili tu. Kila dakika mashine ikiwaka, kuna mtu wa Ndera anayeweza kuandikwa juu.

Mkubwa wetu, ambaye simtaji jina kwa kuwa ningali naomba kupewa barua ya utumishi mwema, alitoka chumbani kwake kuuliza kwa nini hawezi kuchapa.

"Zena, nina barua moja tu."

"Barua hiyo itakanyaga watu, bwana."

"Ukurasa mmoja!"

"Hata nusu."

Niliivuta seva chini ya meza yangu, nikaweka miguu juu yake, na siku nzima sikuinuka ila kwa dharura zinazojulikana, na hata hapo nilimwachia Galgalo zamu. Mkubwa alinuna. Makarani walitoa macho. Miguu sikuitoa.

Mzee Jilo alifika Jumanne kwa trekta, maana barabara ya kutoka Tarasaa ilikuwa imelala chini ya maji. Alikuwa na flashi moja mfukoni, imefungwa kwenye mfuko wa sukari, na buti zake za zamani mguuni. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Hakunigombeza. Aliketi, akachomeka flashi yake, akaiwasha mashine kutoka huko ili diski isiandikwe hata herufi, akaanza kuokota.

Tuliokota siku nzima. Kila faili ilipotokea alisoma jina kwa sauti, na Galgalo akajibu, "Huyo wangu." Hakuna aliyemwigiza mzee siku ile. Kufikia magharibi tulikuwa na arobaini.

Wa arobaini na moja alikuwa Bi Habiba, mjane, na wajukuu wanne. Picha yake ilitokea mpaka chini ya macho, mtandio na paji la uso na jicho kali, halafu ikakatika ikawa kijivu. Maelezo yake yote hayapo. Mzee Jilo alifungua ile sehemu ya diski kwa programu yake inayoonyesha herufi kama zilivyolala, tukasoma wote wawili. Pale palipokuwa na jina lake, watoto wa mwanawe na mbuzi wake waliokwenda na maji, palikuwa na barua ya mkubwa ya Jumatatu asubuhi, kabla sijachomoa waya. Alikuwa anaomba mapazia mapya.

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, kisha nikalia, na Mzee Jilo akaninyoshea kile kitambaa cha kufutia vumbi.

"Mwalimu," nikamwambia, "mimi nilifanya ulichokuwa ukifanya wewe. Siku saba, futa. Wewe ulikosea mara ngapi?"

"Mimi sikuhesabu siku," akasema. "Mtu akikosa kujibu, nilitazama mlangoni. Buti zake zikiwa hapo, yuko karibu, faili ni takataka. Buti zikiwa hazipo, mtu yuko ng'ambo, na faili yake haijaisha hata ikikaa mwezi." Akanyanyua kikombe, kilikuwa kitupu, akakirudisha. "Programu yako inaona saa, Zena. Haioni buti."

Miaka minane nilikaa naye chumba kimoja nikidhani anatazama chai.

Jumatano alfajiri nilipanda boti na Galgalo kwenda Ndera. Angeweza kwenda peke yake. Nilikwenda kwa sababu sikutaka yeye ndiye aulizwe. Tulimkuta Bi Habiba darasani, chini ya ubao ulioandikwa hesabu za kugawanya, wajukuu wamelala kwenye madawati mawili yaliyounganishwa. Galgalo alimweleza. Mama akanigeukia na lile jicho la kwenye picha.

"Wewe ndio umenifuta?"

"Ni mimi, mama."

"Kwa mkono?"

"Kwa programu, mama. Inafuta yenyewe."

"Hiyo programu iliandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi ni mkono," akasema.

Alinikalisha chini, akanifanya niandike kila kitu upya, mbuzi mmoja mmoja kwa rangi yake, kisha nimsomee. Nilipoomba samahani alisema, "Hema likija, ongea na mimi. Saa hii sina maneno." Maji yalituchelewesha, tukarudi Garsen Alhamisi jioni. Orodha ilikuwa imefungwa saa sita. Wenzake arobaini walipata mahema wiki ile. Yeye alipata ya awamu ya pili, siku kumi na sita baadaye, na katika siku hizo shule ilifunguliwa ikamhamishia kwenye kibanda cha kuni. Hilo sikuambiwa na mtu, nilikwenda nikaliona. Niliona haya, na ningali ninaona haya ninapoandika.

Nilipotulia nikaiandika programu upya. Husoma majina yenyewe, hukusanya na kupanga yenyewe, lakini kabla ya kufuta huuliza: "Hii ya nani? Mwenyewe amerudi?" Vitufe viwili, "Amerudi" na "Bado". Ukibonyeza "Bado" inaacha. Usipobonyeza chochote inaacha vilevile. Na tableti haifuti tena nakala yake mpaka mtu awe kamili. Kijana mmoja wa makao makuu alikuja na kompyuta nyembamba kama chapati, akatuambia kwamba mtumiaji hapaswi kusumbuliwa na maswali. Nilimuuliza kama amewahi kufika Ndera. Akasema ameiona kwenye ramani. Diski kubwa zaidi tuliipata, mapazia pia.

Mwaka uliofuata Bi Habiba alikuja sokoni Garsen, akaingia ofisini bila kubisha hodi, akasema anataka kujiona. Nikamwonyesha fomu yake, nzima, kidole na vyote. Akataka kuona na ile mbovu. Nikafungua folda ya muda nikamwonyesha nusu ya uso wake. Aliitazama kwa muda mrefu, akacheka mpaka akashika meza.

"Niifute, mama?" nikauliza. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza.

"Iache," akasema. "Siku ukiota mapembe, iangalie."

Tangu siku hiyo, tukikutana sokoni aliniita Mama Futa, mbele ya watu, kwa sauti. Kitunguu cha Garsen nimekinunua kwa jina hilo miaka yote iliyobaki.

Basi Kadzo, hiyo picha ni ya Bi Habiba wa Ndera. Hajaniambia niifute, nami sikupata ubavu wa kumuuliza mara ya pili. Bonyeza "Bado". Na kuhusu lile swali, seva sasa ni yako, kiti ni chako, ukitaka kuliondoa hakuna wa kukuzuia. Mistari miwili tu, wewe ni hodari kuliko nilivyokuwa. Ila nasikia mvua imeanza huko juu. Kwa hiyo Ijumaa hii, kabla hujagusa kitu, zisome faili kwa sauti, chumba kizima kisikie. Uliza ya nani. Piga funda moja la chai, usubiri. Na asipojibu mtu, geuka utazame mlangoni. Buti za Galgalo hazipo.